Nyumba Juu ya Pikapu: Somo la Fizikia Nililolirudia Gereji

Nianze na vidole vyangu viwili vya mkono wa kushoto, cha kati na cha pete. Viko salama, hata makala hii nimeichapa navyo. Ila likizo iliyopita viliponea chupuchupu, pale paa la kilo karibu hamsini liliposhuka ghafla nikiwa nimeushika ukingo wake. Paa lenyewe lilikuwa la kempa, yaani kile kibanda cha kulala kinachopachikwa kwenye bodi ya pikapu, ambacho paa lake linainuliwa ukifika kambini na kulazwa ukiwa safarini. Na aliyeweka mzigo uliofanya lishuke ni mimi mwenyewe, mwalimu mtarajiwa wa Fizikia na Hisabati, niliyekuwa nimetoka kufundisha mada ya momenti kidato cha tatu wiki chache nyuma. Ubaoni nilipata hesabu zote. Gereji nikasahau.

Ndiyo maana nimeona niandike. Najua wengi wetu hatuna pikapu, na tukipata bumu tunawaza kodi ya chumba kwanza. Lakini wapo wenzetu wanaosoma utalii, wapo wa uhandisi, na wapo wengi ambao nyumbani kwao kuna mzazi au mjomba mwenye gari la kazi. Haya nitakayoyaeleza yanahusu kempa, ila ukiyashika vizuri yatakusaidia hata kwenye gari la kubeba mbuzi.

Kempa ni kitu gani hasa

Kuweka kibanda mgongoni mwa pikapu ni jambo lililozoeleka sana Marekani. Mwaka 1960 mwandishi John Steinbeck aliizunguka nchi hiyo akiwa na mbwa wake katika pikapu yenye kibanda cha namna hiyo nyuma. Kibanda chake kilikuwa na kuta ngumu mpaka juu. Hicho kina raha yake, ila kina shida: kinakuwa kirefu, upepo unakisukuma, na uzito unakaa juu, kwa hiyo gari linayumba kwenye kona. Hapo ndipo inapoingia kempa ya paa la kuinuka. Barabarani paa limelala, gari linakuwa fupi. Ukifika unalisukuma juu, na katikati ya paa na bodi kunabaki ukuta wa turubai. Unapata nafasi ya kusimama wima na kitanda juu ya kichwa cha gari.

Arusha wazo la paa la kuinuka halikuja leo. Mafundi wa pale wana miaka mingi wakikata Land Cruiser, kuzirefusha chesisi na kuziwekea paa la kuinuka ili mgeni asimame aone wanyama. Tofauti ni kwamba lile la safari ni la kuchungulia, hili ni la kulala.

Mjomba wangu ana gereji ndogo huko. Alinunua kempa iliyotumika kutoka kwa msafiri aliyekuwa amemaliza safari zake, akaifunga kwenye Hilux yake ya milango minne. Nia yake ilikuwa kuwakodisha wageni wanaojiendesha wenyewe kwenda Karatu, Ngorongoro na Serengeti. Fedha aliitoa Saccos. Wageni wa kwanza walikuwa wameshalipa nusu, wanakuja mwishoni mwa Juni. Nilipofika na begi langu nikamwamkia, akaitikia, "Marahaba mwalimu. Vua viatu vya chuo, vaa ovaroli." Tulikuwa na wiki saba.

Somo la kwanza: mizani kabla ya misumari

Mjomba alitaka kuanza na urembo. Makabati ya plaiwudi, meza ya kukunja, taa za rangi. Aliyemzuia ni mzee mmoja wa pale gereji tunayemwita Babu, fundi wa bodi, elimu yake ni ya msingi tu. Alisema, "Mwanangu, gari halijui kuwa kabati ni zuri. Linajua ni zito."

Magari mengi yana kibati au stika ya mtengenezaji inayotaja uzito wa juu unaoruhusiwa, gari likiwa na kila kitu ndani yake, watu pamoja. La kwetu lilisema kilo 2,900. Tukajaza tangi la mafuta, tukaenda kupima kwenye mizani ya wanunuzi wa vyuma chakavu, likiwa na kempa mgongoni lakini bila mtu. Likasoma 2,390. Kwa hiyo tulikuwa na kilo 510 za kuchezea. Unaona nyingi? Nikachukua daftari:

Wageni wawili na mabegi yao, 190. Maji lita 80, ambayo ni kilo 80, maana lita moja ya maji ni kilo moja. Tairi la pili la akiba, 30. Madumu mawili ya dizeli ya lita ishirini ishirini, kama 40 pamoja na madumu yenyewe. Friji na vilivyomo, 35. Gesi, jiko na vyombo, 25. Betri ya pili, 30. Vifaa vya gari, 20. Viti na meza ya nje, 25. Chakula na kuni, 40.

Jumla ni 515. Tumeshazidi kilo 5, na kabati halijaingia. Makabati aliyoyataka mjomba yangekuwa na kilo kama 70.

Mjomba akasema tuongeze jani moja kwenye springi za nyuma, yataisha. Hapa wasomaji muwe makini, maana kosa hili ni la wengi. Springi ngumu zaidi inainua mkia wa gari ili lisionekane limekaa. Haiongezi nguvu ya breki, wala ya ekseli, wala ya chesisi. Uzito unaoruhusiwa unabaki ule ule wa kwenye kibati. Pikapu za milango minne zina tatizo la ziada: bodi yake ni fupi, kwa hiyo sehemu ya kempa inaning'inia nyuma ya ekseli. Kitu kizito kikikaa nyuma ya ekseli ni kama bembea: nyuma inashuka, mbele inainuka, usukani unakuwa mwepesi, na chesisi inapinda kidogo kidogo kila ukigonga shimo. Siku moja inapasuka.

Tulichofanya ni hiki. Makabati tukayaacha, tukatumia masanduku ya plastiki na mifuko ya turubai iliyoshonwa ukutani, kilo 12 tu. Maji tukapunguza hadi lita 50, kwa sababu Mto wa Mbu na Karatu mtu anaweza kujaza tena. Dumu moja la dizeli tukaliacha. Jumla ikawa 477, tukabaki na kilo 33 za dharura. Vizito vyote, yaani maji, betri na vifaa, tukavilaza chini kabisa na mbele ya ekseli ya nyuma.

Somo la pili: paa lililonishukia

Kempa yetu inafunguka kama mdomo wa mamba: bawaba ziko mbele, juu ya kichwa cha gari, na upande wa nyuma ndio unaopanda. Kinacholiinua ni shokapu mbili za gesi, jamii moja na zile za mlango wa nyuma wa gari dogo. Ukilisukuma kidogo, lenyewe linamalizia.

Mimi ndiye niliyependekeza paneli ya sola ifungwe juu ya paa, upande wa nyuma, eti kwa kuwa ndipo palipokuwa na nafasi wazi. Paneli na fremu yake, kilo 12. Mchana ule wa jua kali paa lilipanda na kukaa. Nikafurahi. Kesho yake asubuhi, baridi, nikaliinua ili nipige picha. Likakaa sekunde chache, kisha likashuka. Babu ndiye aliyenivuta bega. Ukingo ulifungwa pale pale vidole vilipokuwa.

Nilikaa kwenye tairi nikitetemeka, na hapo ndipo nikakumbuka ubao wangu wa kidato cha tatu. Momenti ni kani mara umbali kutoka kwenye bawaba. Kilo 12 ni nyutoni 120 hivi. Nilikuwa nimeiweka mita 1.6 kutoka kwenye bawaba: 120 mara 1.6 ni 192. Ningeiweka mbele, mita 0.6 tu, ingekuwa 72. Paneli ni ile ile, kilo ni zile zile, ila mzigo kwa shokapu unapungua zaidi ya nusu.

Halafu kuna baridi. Ndani ya shokapu kuna gesi iliyogandamizwa, na gesi ikipoa mgandamizo wake unashuka. Kutoka nyuzi 30 za mchana hadi nyuzi 5 za alfajiri, ukihesabu kwa kipimo cha Kelvini ni kutoka 303 hadi 278, yaani nguvu inapungua kwa karibu asilimia 8. Ukingo wa Ngorongoro uko juu zaidi ya mita 2,000, na Juni kule kuna baridi kweli. Paa linalokaa vizuri Arusha mchana linaweza kumshukia mgeni kule alfajiri, akiwa anatoka na kikombe chake cha chai.

Kwa hiyo, ukiwa na kempa ya aina hii:

Vitu vya juu ya paa viwe vichache, na viwe karibu na bawaba. Shokapu zina namba ya nyutoni imeandikwa ubavuni. Ukibadilisha, badilisha zote mbili kwa pamoja na za namba sawa, la sivyo paa linapanda upande upande na kukunja bawaba. Zifunge hivi kwamba paa likilala, ile fimbo nyembamba inaelekea chini, ili mafuta ya ndani yailainishe sili. Ukiona alama ya mafuta kwenye fimbo, shokapu imekwisha. Na la muhimu kuliko yote: usiiamini shokapu peke yake. Babu alitukatia bomba mbili za chuma zenye pini, kila upande moja. Paa likishapanda, unasimamisha bomba, unaingiza pini, ndipo unaingiza kichwa. Tukaandika kwa rangi nyekundu pale pale: PINI KWANZA.

Paneli niliihamishia mbele mwenyewe, jioni ile ile.

Somo la tatu: maji na vumbi

Turubai haliozi kwa sababu ya mvua. Linaoza kwa sababu ya kukunjwa likiwa bichi. Mvua ikinyesha usiku na asubuhi mnatakiwa kuondoka, mtakunja tu, hakuna namna. Ila jioni hiyo hiyo, mkifika, lifungueni likauke hata kama mtalala hotelini. Mkilifunga siku mbili tatu na joto hili, vile vidoa vyeusi vya ukungu vitaanza, na vikishaingia kwenye nyuzi havitoki. Kuosha ni kwa maji na brashi laini. Sabuni kali ya unga inaondoa dawa ya kuzuia maji, kisha unashangaa mbona linavuja. Turubai jipya la pamba, au ulilolishona upya, liloweshe na ulikaushe mara mbili tatu kabla ya safari, ili nyuzi zivimbe na kuziba matundu ya sindano. Zipu nazo zipigwe brashi ya mswaki kuondoa vumbi, kisha zipakwe nta ya mshumaa.

Kuhusu mapaa yanayovuja, Babu alinifundisha njia nisiyoisahau. Maji yanapodondokea ndani sipo yanapoingilia. Yanatembea kwenye fremu kwanza. Kwa hiyo usimwagie gari zima kwa mpira. Mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine nje aanze kumwagia chini, apande taratibu, dakika chache kila hatua. Tone la kwanza likionekana, unajua ni mstari upi. Sisi tulikuta ni ripiti nne za kona ya nyuma. Silikoni ya zamani tuliikwangua yote na kufuta kwa spiriti kabla ya kupaka mpya. Kupaka mpya juu ya kuukuu ni kujidanganya.

Ukifunga alumini kwenye chuma, weka mpira au washa ya plastiki katikati. Metali hizo mbili zikigusana kwenye unyevu, alumini ndiyo inayoliwa. Wenzetu wa Dar na Tanga, chumvi ya bahari inaharakisha jambo hilo mara dufu. Na chini ya kempa, kabla hujaipachika, tandika zulia la mpira kwenye bodi na uhakikishe matundu ya kutolea maji hayajazibwa, maana kutu inaanzia usipopaona.

Kisha vumbi. Gari likikimbia, nyuma yake hewa inakuwa na mgandamizo mdogo, kwa hiyo vumbi linanyonywa kuingia kupitia mlango wa nyuma. Nilikuwa nadhani dawa ni kuziba kila tundu. Tuliziba mlango kwa mpira, sawa, lakini pia tuliweka tundu dogo lenye chujio juu mbele, likiangalia upepo. Hewa safi ikiingia mbele kwa nguvu, ndani kunakuwa na mgandamizo mkubwa kuliko nje, na vumbi linakosa njia. Tulijaribu njia ya vumbi kabla na baada. Kabla, mashuka yalikuwa rangi ya matofali. Baada, ukifuta na kitambaa unaona kidogo tu.

Somo la nne: betri iliyosingiziwa

Hili ndilo lililookoa fedha za mjomba. Friji ilikuwa inajizima usiku. Fundi wa umeme alikuja, akasema betri ya pili imekufa, inunuliwe nyingine, zaidi ya laki nne. Mjomba alishaanza kupiga simu dukani.

Nikaomba mita. Friji ikiwa inafanya kazi, nikapima kwenye vichwa vya betri: volti 12.2. Nikapima kwenye plagi ya friji: 11.3. Friji yenyewe imewekwa ijizime volti zikishuka hivyo, kulinda betri. Sasa hiyo 0.9 imepotelea wapi? Kwenye waya. Aliyeifunga zamani alitumia waya ya unene wa milimita moja ya mraba, na betri iko mbele, mita 5 kwenda na 5 kurudi. Ukinzani wa shaba ni kama omu 0.0172 kwa kila mita ya waya ya unene huo, kwa hiyo mita 10 ni omu 0.172. Friji inavuta ampea 5. Volti ni ampea mara omu: 5 mara 0.172 ni 0.86. Hesabu na mita vikakubaliana karibu kabisa. Nilipiga kelele pale gereji mpaka watu wakageuka.

Tukanunua waya ya milimita sita za mraba. Upotevu ukawa chini ya volti 0.2. Gharama haikufika elfu hamsini, na betri ile ile "iliyokufa" bado inafanya kazi. Fundi wa umeme hakukasirika. Alikaa na mimi nusu saa tukirudia hesabu kwenye kipande cha boksi, akasema ataanza kupima pande zote mbili. Na mimi nikamwomba anioneshe jinsi anavyobana vichwa vya waya, maana vyangu vilikuwa vinachomoka ukivuta kidogo.

Mambo ya kushika: betri ya kawaida ya asidi, ikiwa imepumzika, inasoma kama 12.7 ikijaa na 12.2 ikiwa nusu. Usiishushe chini ya nusu mara kwa mara, utaifupishia maisha. Betri ya kuwashia gari na ya kempa zitenganishwe kwa relei, ili usiku wa taa na friji usikuache porini asubuhi bila stata. Na fyuzi iwekwe karibu kabisa na betri, kwa sababu kazi yake ni kulinda waya isishike moto. Fyuzi iliyowekwa kule mwisho kwenye friji haisaidii waya ikichunika katikati ya safari.

Somo la tano: pumzi

Hapa naomba usiruke mistari.

Tulilala ndani ya kempa usiku mmoja, mimi na binamu yangu wa kike, kuijaribu. Baridi ikatushika. Binamu akaenda jikoni akachukua jiko la mkaa, makaa yakiwa yamebaki mekundu bila moshi, akaliweka sakafuni. Tukafunga zipu zote. Palikuwa pazuri kwelikweli. Tulikuwa tunapiga stori, kisha nikasikia kichwa kinagonga, na binamu akasema anasikia usingizi mzito. Nilidhani ni uchovu. Aliyetuokoa ni shangazi, mke wa mjomba, ambaye alikosa jiko lake akaja kulidai. Akafungua zipu, akaliona, akalitoa nje kwa mguu, akatuburuta tukae kwenye hewa. Hakusema neno mpaka asubuhi. Asubuhi alisema mengi.

Makaa yasiyo na moshi yanatoa hewa ya kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, na inashika damu mahali pa oksijeni. Mtu haoni hatari, anaona usingizi. Chumba cha turubai kilichofungwa zipu ni kidogo sana. Hakihitaji muda mrefu. Kwa hiyo jiko la mkaa lisiingie kempani kabisa, hata "likipoa". Jiko la gesi litumike nje, au ndani kwa kupika tu huku madirisha mawili ya pande tofauti yakiwa wazi. Lisitumike kupasha joto chumba. Usiku pia acha madirisha mawili wazi kidogo, kwani pumzi za watu wawili zinatosha kulowesha turubai kwa ndani. Kingamoto kidogo na king'ora cha kaboni monoksidi viwemo ndani. Mjomba aliagiza king'ora wiki ile ile.

Gesi ya mtungi nayo ina tabia yake. Ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama chini kama maji. Kwa hiyo sanduku la mtungi liwe na tundu sakafuni, linalotoka nje ya gari. Mtungi usimame wima, ufungwe mkanda, na ufungwe koki kila gari linapoondoka. Kila ukibadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye viungo. Povu likitoa vipovu, kaza au badilisha mpira. Usijaribu kwa kiberiti, hata kama umeona mtu akifanya.

Ratiba ya matunzo

Nilipomaliza fildi mwalimu wangu msimamizi aliniambia kuwa somo lisilo na muhtasari linabaki kwa mwalimu. Kwa hiyo tulibandika karatasi hii ndani ya mlango wa kempa, kwa Kiswahili na Kiingereza:

Kabla ya kuondoka: koki ya gesi imefungwa, paa limelazwa na kufuli zake zimefungwa, hakuna turubai lililobanwa nje, upepo wa tairi umepimwa.

Baada ya kilomita 50 za kwanza, na kila jioni ukipita barabara ya mawimbi kama bati: angalia bolti zinazoshika kempa kwenye bodi. Babu alichora mstari wa rangi nyeupe kutoka kwenye nati hadi kwenye bodi. Mstari ukikatika, nati imegeuka. Hata mgeni asiyejua spana anaona.

Kila jioni: pini kwanza. Madirisha mawili wazi. Mkaa nje.

Ukirudi: fungua paa, kausha turubai, toa godoro ulisimamishe, fagia, osha chini ya gari.

Kila baada ya miezi mitatu: bawaba zipakwe grisi, mpira wa mlango, silikoni ya juu, vichwa vya betri, mpira wa gesi.

Wageni walikuja. Walikaa siku tisa, wakarudi salama. Tulipokagua tulikuta mistari miwili ya rangi imekatika na zipu moja imejaa vumbi. Nati tukazikaza, tukaziwekea za aina yenye plastiki ndani. Mjomba amelipa rejesho lake la kwanza la Saccos. Makabati bado anayataka. Kila nikimpigia simu ananiuliza kama siwezi kumpatia hizo kilo 70 kwa hesabu yoyote. Namjibu, "Shikamoo mjomba, hapana."

Mazoezi

1. Tafuta kibati cha uzito kwenye gari lolote la nyumbani kwenu. Hesabu uzito wa watu na mizigo ya safari yenu ya mwisho ya Krismasi au Idi. Mlizidi au hamkuzidi?

2. Kempa ina paneli ya kilo 15, mita 1.2 kutoka kwenye bawaba. Tafuta momenti yake. Je, ukiisogeza hadi mita 0.4, momenti inapungua mara ngapi?

3. Taa na pampu zinavuta ampea 4 kupitia waya ya milimita 1.5 za mraba, mita 6 kwenda na 6 kurudi. Volti ngapi zinapotea? Ungebadilisha waya, au ungenunua betri?

4. Waulize watu watatu hosteli kwenu kama wamewahi kulala na jiko la mkaa chumbani. Ukisikia "ndiyo", waeleze Somo la Tano kabla ya mengine yote.